Ulizeni, Nchi ya Waliozibwa Masikio

Nilivyofika Ulizeni siyo stori. Stori ni nilichokikuta kule, ambacho mpaka leo nikikikumbuka damu inachemka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa nyumbani mwaka mzima nasubiri sijui nini, miguu inaniwasha. Nikaondoka. Basi.

Mpakani hawakuniomba kitambulisho. Afisa mmoja, shati limenyooka kama karatasi, akanitazama akasema:

"Karibu Ulizeni. Kwa kipimo cha moja mpaka kumi, umeupenda mpaka wetu kiasi gani?"

Nilikuwa nimesimamishwa juani tangu asubuhi. Nikamwambia nne.

Akaandika tisa.

"Afande, mimi nimesema nne."

"Nimekusikia vizuri tu. Ila umechoka, na uchovu unakula pointi mbili. Halafu wewe mgeni, mgeni hajui mambo, hizo nyingine mbili. Na moja ya heshima." Akagonga muhuri. "Tisa. Tunashukuru kwa maoni yako ya kweli."

Nilicheka. Nilidhani ananitania.

Sasa sikia nchi yenyewe ilivyo. Ulizeni hakitengenezwi kitu mpaka watu waulizwe. Mkate, viatu, daraja, hata rangi ya mlango wa zahanati, lazima raia atoe neno. Kuta zote zimeandikwa kwa herufi kubwa: NENO LA RAIA NDILO MSINGI. Ukisoma unasema hawa watu wamebarikiwa. Mimi kwetu sijawahi kuulizwa kitu na mtu yeyote zaidi ya "unaenda wapi saa hizi?" Kwa hiyo niliposikia Idara ya Maoni inatafuta vijana wa kuzunguka kuuliza watu, nilikwenda siku hiyohiyo. Usaili ulikuwa swali moja: unaweza kutembea? Naweza. Nikapewa fomu, kalamu na kofia ya njano.

Wakaniweka chini ya dada mmoja anaitwa Sikudhani. Huyo dada, naapa, alikuwa fundi. Anaingia uani kwa mtu, hakimbilii fomu. Anasalimia mpaka salamu ziishe. Akiona mwenye nyumba anachambua mchele, na yeye anavuta ungo anachambua. Halafu anauliza swali moja, ananyamaza. Mimi siku ya kwanza nikawa nawasaidia watu kujibu, yaani mama anafikiria, mimi nishamtajia: ni kizuri eti? Tulivyotoka nje Sikudhani akanigeukia.

"Wewe dogo, nani amekutuma umjibie?"

"Alikuwa kimya, dada."

"Kimya ndiyo kazi yenyewe. Mtu ukimuuliza, jibu la kwanza analotoa ni la adabu, maana wewe mgeni kwake. Ukinyamaza, la pili linakuja, na hilo ndilo lenyewe. Ukishindwa kuvumilia ule ukimya katikati, kauze karanga."

Nilijifunza zaidi kwenye ile wiki moja kuliko miaka minne darasani. Swali likanijia lenyewe: mtu anajua kazi hivi, mbona miaka kumi na mbili bado anatembea juani na kofia ya njano kama mimi niliyeingia Jumatatu?

Jibu lilikuwa masikioni.

Ulizeni, mtu wa Idara akipanda cheo, anazibwa. Sisi waulizaji tulikuwa na masikio wazi, ndiyo tuko chini. Ukipanda kuwa Mjumlishaji, unawekewa pamba sikio la kushoto, kuna sherehe, familia inakuja, watu wanapiga vigelegele. Ukiwa Mchambuzi, pamba masikio yote. Ukifika kwenye Baraza Kuu, ile pamba inachovywa kwenye nta ya moto na inasukumwa ndani, haitoki tena. Wakubwa wa Ulizeni wanatembea na ile nta imejaa sikioni inang'aa, na watoto wao wanaionea fahari kabisa, "baba yangu kazibwa yote mawili."

Nikadhani kuna maelezo. Yalikuwepo. Kila Jumatatu vijana wapya tulipelekwa ukumbini kufundishwa namna ya kupanda cheo. Mwalimu alikuwa Mshauri wa Ajira, Bwana Mahimbo, pamba masikio yote mawili, kitambi, sauti ya juu kama anaita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Vijana wangu!" akasema. "Mnataka kufika mbali kwenye kazi ya maoni?"

"Ndiyo!" tukaitika. Hakusikia, lakini aliona midomo imefunguka, akaridhika.

"Kosa linaloua vijana ni kumsikiliza mtu. Mtu mmoja ana kelele, ana machozi, ana mtoto anaumwa. Ukimsikia huyo, utawasikiaje milioni nzima? Anayesikia mtu hawezi kusikia umma. Ndiyo maana tunaziba. La pili, usipeleke juu neno ambalo mkubwa wako hajalizoea. Lilainishe. La tatu, ripoti iwe na rangi."

Nikanyoosha mkono. Nikasimama. "Mheshimiwa, na kama mtu akisema jambo la hatari, halafu aliye juu hasikii, linafikaje?"

Akatabasamu. "Swali zuri sana," akasema, akageuka kufuta ubao.

Wenzangu wote waliandika kwenye daftari: swali zuri sana. Mimi nilikaa nikiwa na hasira, na sikujua hasira yangu niiweke wapi.

Wiki hiyohiyo ndipo likaja jiko.

Karakana ya nchi ilikuwa imeunda jiko jipya la mafuta, limepakwa rangi nyekundu, linaitwa Jiko Raha. Likipitishwa na Baraza, kila nyumba itasalimisha jiko lake la mkaa na kupewa Raha, ni amri, hakuna kukataa. Kabla ya kupitishwa, nyumba arobaini za mtaa wa Bondeni zilipewa la kujaribia. Sisi tukatumwa kuwauliza.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Nyamizi, mpika maandazi. Tulimkuta amekaa kwenye kigoda, mkono wa kulia umefungwa kitenge mpaka kwenye kiwiko. Jiko liko katikati ya uwanja, limepasuka tumbo. Sikudhani hakuuliza swali la kwenye fomu. Alichuchumaa akanyamaza.

"Linawaka vizuri," Mama Nyamizi akasema kwa adabu. "Tunashukuru."

Kimya.

"Mwanangu, hilo siyo jiko." Sauti ikabadilika. "Nimelijaza mafuta, nimewasha, nimeweka karai. Likaanza kuimba. Nikasema labda ndivyo majiko ya kisasa yanavyofanya. Nikainama nipunguze utambi, likalipuka. Mkono huu hapa. Mjukuu wangu alikuwa amesimama pale, unaona ule ukuta? Ndiyo kwanza alikuwa ameondoka kwenda kukinga maji, hatua mbili tu. Hatua mbili, mwanangu! Nenda kawaambie linalipuka. Usiseme neno jingine. Sema linalipuka, kabla halijaua mtoto wa mtu."

"Nitasema, mama," Sikudhani akajibu. "Hilohilo."

"Uniahidi. Maana mwaka jana mlikuja na kofia hizohizo kuniuliza habari ya kisima, nikasema maji yana chumvi, wakaja kukizindua kwa ngoma."

"Nakuahidi."

Tulizunguka nyumba zote arobaini. Majiko kumi na moja yalikuwa yamelipuka. Sikudhani aliandika kwa mkono wake, chini kabisa ya fomu, kwenye mistari ya maelezo: JIKO LINALIPUKA. Akanipa mimi nipandishe ghorofani, maana kupandisha mafaili ni kazi ya mgeni.

Nilisimama meza kwa meza, nikashuhudia kwa macho yangu. Mjumlishaji akasoma, akavuta midomo. "Linalipuka, hili neno kali, litamshtua bosi." Akaandika: Jiko lina mlipuko wa moto. Nikampigia kelele kwenye sikio lake la kulia, lililo wazi. Akanipungia kama anafukuza nzi. Meza ya juu yake, Mchambuzi akasoma "mlipuko wa moto," akaandika: Moto wake unawaka kwa haraka na kwa nguvu. Nikapiga meza. Aliona kikombe kimetikisika, akanitazama, akanipa biskuti. Mchambuzi Mkuu akapokea hiyo, akaipaka rangi ya kijani, akaandika: Watumiaji wameguswa sana na nguvu ya jiko.

Wameguswa! Nilishuka ngazi mbilimbili.

"Wameandika wameguswa, dada."

Sikudhani hakushangaa, na hilo liliniudhi zaidi. Alikaa kwenye benchi, akavua kiatu, akakung'uta mchanga. "Miaka kumi na mbili," akasema. "Kisima nilikiandika mimi. Chumvi. Kilivyofika juu kikawa na ladha ya kipekee."

"Sasa si uende mwenyewe barazani ukawaambie?"

"Asiyezibwa haongei barazani. Ndiyo sheria."

Hebu fikiria hapo. Aliyesikia haruhusiwi kusema, na anayeruhusiwa kusema hajasikia. Nchi nzima imejengwa hivyo, watu wazima wenye ndevu wanaamka asubuhi wanaiendesha, na hakuna anayeona haya.

Baraza lilikuwa Alhamisi, kugawa majiko Jumamosi. Jumanne Sikudhani akaniita pembeni.

"Wamenipandisha mara tano kwenye karatasi, nikakataa. Bado nina haki ya kukubali. Mtumishi wa miaka kumi na mbili akikubali, anarukishwa mpaka barazani moja kwa moja."

"Wakuzibe kwa nta? Dada, ile haitoki!"

"Najua haitoki. Kwani Mama Nyamizi nishamsikia, siyo? Ninachotaka kusema kimo humu tayari." Akajigonga kifuani. "Nikizibwa leo, alichosema hakitoki."

"Na kesho? Utafanyaje kazi? Wewe kazi yako ni masikio!"

"Kelele, dogo," akasema, lakini kwa upole, na jicho lake lilikuwa limelowa. "Wewe bado unayo yako."

Walimziba Jumatano. Sherehe kubwa, keki, Bwana Mahimbo akamtaja kama mfano kwa vijana: mmeona, subira inavuta heri. Nta ilipoingia sikio la pili, Sikudhani alikuwa ananitazama mimi, na nikaona usoni ile dakika dunia ilipozima. Mama yake mzazi alikuwepo, anapiga vigelegele kwa furaha. Akavipiga hadi mwisho. Mwanawe hakuvisikia.

Alhamisi akaingia barazani, mimi nimebeba jiko moja la kujaribia, maana mjumbe mpya anaruhusiwa mtu wa kumshikia vitu. Wajumbe walikuwa ishirini na wanne, wamekaa duara, mbele yao kila mmoja ana kibao cha namba. Mwenyekiti ni Mkuu wa Maoni, Bwana Gwandumi, mzee mkubwa wa mwili, nta ya masikio yake ya zamani mpaka imekuwa kahawia. Mezani kwake ripoti ya kijani.

Sikudhani akasimama. Sijawahi kusikia mtu anaongea vile. Alisema yote, mkono wa mama, mjukuu, hatua mbili, majiko kumi na moja. Alisema linalipuka mara saba. Sauti yake mwenyewe hakuisikia, ikawa inapanda na kushuka ovyo, hadi nikaogopa. Alipomaliza, wajumbe wote ishirini na wanne wakapiga makofi, wamesimama, wanatabasamu. Mmoja akainua kibao: kumi. Mwingine: kumi. Walikuwa wanampima namna alivyosimama.

Hakuna aliyesikia. Si wamezibwa wote! Tulijua wamezibwa, tumeishi nao, tumeona nta kwa macho. Na bado, mimi na yeye wote wawili, tulifikiri ukipewa ruhusa ya kusema basi utasikika. Lile kosa ni letu, sitalikana.

Sikudhani akayaona yale makofi, akaelewa. Alinigeukia. Akanyoosha mkono, nikampa jiko.

Akaliweka kwenye meza ya Mwenyekiti, juu ya ripoti. Akalijaza mafuta, akawasha. Wajumbe wakasogea karibu wanafurahi, jiko jekundu linapendeza. Likaanza kuimba. Nililisikia mimi peke yangu kwenye ukumbi mzima. Nikapiga kelele, "Rudini nyuma!" Nani anisikie? Nikamvuta Sikudhani kwa nguo. Bwana Gwandumi akainama, akanyoosha mkono wa kulia kuupunguza utambi, vilevile kama Mama Nyamizi.

Likalipuka.

Hakufa mtu. Meza iliungua, mkono wake uliungua, ndevu upande mmoja zikaenda. Akaruka nyuma anapiga mayowe, "Linalipuka! Hili jiko linalipuka! Nani ameleta hiki kitu? Linalipuka!"

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni, basi, imekwisha, mkubwa mwenyewe kalionja.

Wajumbe walimtazama wakaona mdomo unafunguka. Wakapiga makofi.

Bwana Mahimbo, ambaye ndiye katibu wa Baraza, akafungua kitabu cha sheria, akaweka kidole kwenye mstari, akawaonyesha wenzake. Wakatikisa vichwa kukubali. Sheria ilisema: yeyote aliyetumia bidhaa ni mtumiaji, na neno la mtumiaji haliingii barazani mpaka lipite Idarani kwa utaratibu. Wakamtoa Mkuu wa Maoni nje ya ukumbi wake mwenyewe, kwa heshima, wakamkalisha kwenye benchi la kusubiria. Wakaniita mimi, kofia ya njano, nimuulize.

Nilikaa mbele yake na fomu. Muuguzi alikuwa anamfunga mkono. Nilimwandikia swali kwenye karatasi, maana hasikii: Kwa kipimo cha fomu, jiko unalipatia pointi ngapi?

"Sifuri!" akanguruma. "Andika sifuri!"

Nikamgeuzia fomu aone. Fomu za bidhaa za nchi zinaanzia sita. Sifuri mpaka tano ziliondolewa kwa sababu zilikuwa zinashusha wastani, na chini pale kuna saini ya aliyeziondoa, Gwandumi. Akaisoma ile saini.

"Basi andika maelezo," akasema taratibu. "Kijana, tafadhali. Andika linalipuka."

"Naandika, mzee," nikasema, ingawa hakusikia, na nikaandika hilohilo kwa herufi kubwa, nikachora na mstari chini yake. Ndicho nilichofundishwa na Sikudhani na sikuona sababu ya kumfanyia huyu tofauti.

Fomu ikapanda ghorofani. Nilipanda nayo, nikabishana kila meza kwa mikono, kwa karatasi, mpaka walinzi wakanitoa. Ijumaa adhuhuri ikateremka ripoti mpya, ya kijani zaidi: Mtumiaji mmoja wa ngazi ya juu ameguswa binafsi na nguvu ya jiko. Ikapelekwa kwa Mkuu wa Maoni kwa idhini. Alikuwa ameshavaa shati jipya, ameshanyoa na upande wa pili wa ndevu. Akasoma. Sijui alifikiria nini. Labda kwenye karatasi hakujitambua. Labda alijitambua, na akaona kiti chake ni kizuri kuliko mkono wake. Akasaini. Alisaini kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa kwenye bandeji.

Nilibandua nakala ya ripoti ukutani nikampelekea Sikudhani. Alikuwa benchi lilelile, joho la ujumbe limelala pembeni. Akasoma mpaka kwenye saini. Akasimama, akavaa kofia yake ya zamani ya njano, akafunga viatu vyake vya juani, akaenda mlangoni, akanitazama kama kuniambia, unakuja au huji?

Tulifika Bondeni jua linaanza kupungua ukali. Tulianzia nyumba ya jirani wa Mama Nyamizi, binti mmoja mwenye mtoto mgongoni, ambaye hakuwa kwenye zile arobaini na hajui lolote. Akaona zile kofia, akashusha pumzi, akafuta kigoda kwa khanga atukaribishe.

"Haya, jamani," akasema kwa adabu. "Leo mmekuja kuuliza nini?"

Sikudhani alimwangalia midomo, hakupata neno, akanigeukia.

"Leo hatuulizi, dada," nikamwambia. "Kesho watakuja na mkokoteni, wamebeba jiko jekundu. Lile jiko linalipuka. Funga mlango, halafu ukitoka hapa mwambie na jirani."

Akanitazama, akamtazama Sikudhani, akatazama moshi wa jiko lake la mkaa. Akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akatoka kabla yetu.